Gauni la Bandi

Dereva alirudia maneno yale yale bila kupunguza wala kuongeza, na hilo ndilo lililoanza kumsumbua Bi Jiwe, mpelelezi wa kesi ile. Waongo huongeza. Kila wakiulizwa upya hupamba, hutia chumvi pale wanapoona sura ya muulizaji imelegea. Huyu alikuwa amekalia kiti cha chuma tangu asubuhi na hadithi yake haikuwa imenenepa hata kidogo. Binti alisimamisha gari mwenyewe, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akapanda.

"Ukamficha wapi?" aliuliza Mkuu wa kituo. Siku hiyo alikuwa ameamua kuongoza mahojiano yeye binafsi, kwa sababu waandishi wa habari walikuwa wamejaa langoni.

"Sikumficha, afande."

"Ulimteka, ukampeleka wapi?"

"Sikumteka."

Mkuu alipiga meza kwa kiganja, na kifuko cha plastiki kilichokuwa juu yake kikaruka kidogo. Ndani kulikuwa na ndala moja ya mtoto, ya buluu, kamba yake imeungwa kwa waya. Askari walikuwa wameikuta chini ya kiti cha nyuma cha gari. Mkuu aliisukuma hadi puani mwa Dereva, akataka kujua ni ya nani. Dereva aliitazama, kisha akatazama ukuta.

"Watoto wengi wamepanda lile gari, afande. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ndiyo sababu niliacha."

Hilo lilikuwa kweli. Miaka mingi, kwa gari lake hilo hilo, Dereva alimfanyia kazi mwanamke aliyejiita Mlezi, mwenye kituo cha yatima, ambaye aliwakodisha yatima hao mmoja mmoja kwenye nyumba za wenye uwezo. Watoto wafue, wapike, wabebe watoto wa wenye nyumba, na mshahara uishie mkononi mwake. Sasa nchi nzima ilijua, kwa sababu nchi nzima ilikuwa imeona filamu. Si ya kuigiza, bali ile ya watu wa kweli na maneno yao, iliyoonyeshwa kwenye televisheni Jumapili moja baada ya taarifa ya habari. Aliyeibeba filamu ile mabegani ni binti mmoja wa miaka kumi na sita, uso wake umefunikwa kwa ukungu, sauti yake imebadilishwa, akisimulia alivyokodishwa.

Filamu ilifanya kazi yake. Mlezi alikamatwa, akapata dhamana, na Jumatatu iliyokuwa inakuja hakimu alitaka kumsikia binti kwa masikio yake. Bila yeye, wakili wa Mlezi angeomba kesi ifutwe, na ingefutwa. Na sasa binti alikuwa ametoweka nyumbani kwa shangazi yake bila kuaga, mara ya mwisho ameonekana ndani ya gari la mtu aliyewahi kula mshahara wa Mlezi. Kila mtu pale kituoni aliona jibu liko wazi, na lilikuwa limekaa mbele yao kwenye kiti cha chuma.

Bi Jiwe alikuwa na swali moja tu. Aliuliza binti alikuwa amebeba nini.

Dereva aligeuka kumtazama, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mfuko," alisema. "Sikuchungulia. Aliukumbatia njia nzima."

Mkuu alimwambia Bi Jiwe kwamba mfuko hauwasaidii. Bi Jiwe akainuka, akaenda kulichukua jalada la kesi, akalipekua ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama koridoni. Kulikuwa na maelezo ya shangazi, ya majirani, ya muuza vocha wa pembeni. Maelezo ya binti hayakuwamo.

Alirudi kumuuliza Mkuu. Mkuu alishusha sauti, kama watu wanavyofanya wakitaja msiba. Afisa ustawi wa jamii alikuwa ameshauri mtoto asirudishwe kwenye maumivu. Yote yalikuwa kwenye filamu, tena kwa ufasaha kuliko ambavyo askari yeyote angeyaandika. Kwa hiyo waliambatisha filamu.

"Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu."

"Tulimwonea huruma, Bi Jiwe. Na wewe jaribu siku moja."

Jina hilo lilikuwa jipya. Jumapili ile kituo kizima kilikaa ukumbini kuangalia filamu, na askari wenye vitambi na miaka yao kazini walilia kama waliofiwa. Mkuu aliloweka leso yake, akaazima nyingine. Bi Jiwe peke yake alitoka macho makavu, na kesho yake mtu akamwita Jiwe, likashika. Hakujisumbua kueleza. Kulikuwa na kitu katika picha zile kilichomkwaruza, kama uzi ulionasa kwenye kucha, na alikuwa bado hajakijua.

Njiani kwenda kwa watengenezaji wa filamu alisoma tena maelezo ya shangazi. Mama wa watu alikuwa amesimulia mengi kuhusu machozi yake mwenyewe, na kuhusu binti mstari mmoja au miwili. Walitazama filamu wawili tu, mlango umefungwa. Shangazi alilia hadi akashindwa kula. Binti hakulia. Majina ya watengenezaji yalipomaliza kupita, aliuliza, "Imeisha?" Tangazo la sabuni lilipoanza akauliza tena. Shangazi alimkumbatia, akamwambia ndiyo mwanangu, imeisha, yote yameisha sasa. Siku chache baadaye, Mlezi akiwa ameshapata dhamana, asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa na binti hayupo.

Bi Jiwe alisoma mstari ule mara mbili, akafunga jalada.

Ofisi ya kampuni ya filamu ilikuwa ghorofani, na mapokezi yake hayakupitika. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi kwenye dawati, mengine yamepasuka, na ndani yake yote kulikuwa na magauni ya watoto. Ya maua, ya lesi, ya madoadoa. Msichana wa mapokezi alieleza kwa sauti ya kuchoka kwamba watu walikuwa wanayaleta kila siku tangu Jumapili ile, wanaacha mlangoni, wengine wanalia hapo hapo kwenye ngazi. Hakuna aliyejua wayapeleke wapi.

Sababu ilikuwa ukutani nyuma yake, imechapishwa kubwa kuliko mlango. Ilikuwa picha maarufu kuliko zote za filamu ile: mikono miwili ya binti, na juu ya mapaja yake gauni dogo la manjano, vidole vinalilainisha. Kwenye filamu, picha hiyo ilipita huku msimulizi akisema kwamba hicho ndicho kilichobaki cha utoto ulioibwa. Hapo ndipo Mkuu alipoomba leso ya pili.

Bi Jiwe alisogea karibu. Alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa karatasi, na yule msichana wa mapokezi akafikiri naye sasa analia.

Kwenye pindo la gauni, na kiunoni, na kwenye mikono, kulipita nyuzi nyeupe, mishono mirefu iliyoachana. Bandi. Mama yake Bi Jiwe alikuwa na cherehani sebuleni, na mtoto yeyote aliyelelewa kando ya cherehani anajua bandi. Fundi huipiga kwa mkono kushikiza vitambaa kabla ya kushona, na nguo ikiisha huifumua. Gauni lenye bandi halijashonwa bado. Na gauni ambalo halijashonwa halijawahi kuvaliwa na mtu yeyote, katika utoto wowote.

Nchi nzima ilikuwa imelilia nguo mpya.

Alipanda ngazi iliyobaki bila kusubiri kuitwa. Chumba cha kukatia filamu kilikuwa kidogo, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vizito, na Mhariri, mwanamke mwembamba mwenye vipokea sauti shingoni, alikuwa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Bi Jiwe alijitambulisha, akamwambia anataka kuona kile kipande cha gauni, lakini si kilichoonyeshwa. Alitaka chote, kama kilivyotoka kwenye kamera.

Mhariri hakuuliza kwa nini. Alivua vipokea sauti, akaviweka mezani polepole, na akasema jambo moja kabla ya kubofya.

"Nilijua mtu atakuja, dada. Nilidhani mtakuja mapema."

Binti alitokea kwenye kioo akiwa na uso. Lilikuwa jambo dogo, lakini Bi Jiwe alijikuta ameshika ukingo wa meza. Alikuwa amemzoea kama ukungu. Hapa alikuwa msichana wa kawaida, chunusi kidevuni, nywele zimefungwa haraka, sauti yake mwenyewe nyembamba na yenye haraka kidogo. Alikuwa analainisha gauni na kuongea bila kuinua macho.

"Hili la mdogo wangu. Sijalimaliza, maana sijui amekua kiasi gani. Yeye yuko kule bado. Si kituoni, ni nyumbani kwa Mlezi mwenyewe, chumba cha nyuma, hatolewi nje. Mimi nimekubali kukaa hapa kwa sababu yake. Hayo mengine mkisema sawa, msiposema sawa. Hili la mdogo wangu semeni."

Nje ya picha, sauti ya mwanamume ikajibu, ya upole sana. "Tutasema, mdogo wangu. Nakuahidi."

Mhariri alisimamisha picha. Wakati huo mlango ulikuwa umefunguliwa, na mwenye sauti ile alikuwa amesimama hapo, kikombe mkononi. Mwongozaji alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimepunguzwa vizuri, macho mekundu ya mtu aliyekwisha kulia kwenye mahojiano mengi ya redio wiki ile.

Bi Jiwe alimuuliza kwa nini maneno yale yalikatwa.

Mwongozaji alianza mbali. Alizungumzia urefu wa filamu, muda waliopewa na televisheni, jinsi mtazamaji anavyochoka akipewa watoto wawili wa kuwahurumia kwa wakati mmoja. Bi Jiwe alimwacha aongee. Ilikuwa njia yake ya kuhoji: kukaa kimya hadi mtu achoke kupaka rangi na aanze kusema.

"Sehemu ile tulikuwa tunaitunza," alisema Mwongozaji hatimaye.

"Mnaitunza kwa ajili ya nini?"

"Sehemu ya pili." Alitazama kikombe chake. "Ilikuwa nzuri mno, Inspekta. Huwezi kuimwaga dakika za mwisho watu wakiwa wameshalia. Ile ni ya kufungulia filamu nyingine."

"Na gauni?"

"Gauni tulilihitaji."

Mhariri aliinama, akatazama magoti yake. Alisema kwamba yeye aliuliza, siku ile ya kukata, kama binti ameambiwa. Akaambiwa ataambiwa. Alisema hivyo bila kujitetea, na Bi Jiwe hakumfariji.

Sasa mambo yalijipanga yenyewe, na hakuna hata moja lililokuwa zuri. Binti alitoa hadithi yake yote kwa malipo ya sentensi moja. Alikaa mbele ya televisheni akiisubiri, filamu nzima, hadi majina, hadi sabuni. Imeisha? Polisi walivamia kituo cha yatima wakaondoka na watoto waliotajwa kwenye filamu, maana ndio waliowajua, na hawakugonga mlango wa nyumbani kwa Mlezi. Hakuna aliyemwendea binti kumuuliza kama kuna mwingine, kwa sababu kila mtu alikuwa anamwonea huruma. Basi akachukua gauni lake ambalo halijaisha, akatoka kwenda kumtafuta mtu aliyeijua njia.

Mwongozaji alikuwa ameanza kulia tena. Alilia vizuri, kwa kujizuia, mkono mmoja ukiwa kwenye paji la uso.

"Kalie nje," Bi Jiwe alimwambia. "Hapa kuna watu wanafanya kazi."

Aliondoka na picha zile kwenye flashi, ndani ya mkoba.

Kituoni alimkuta Dereva pale pale, Mkuu ameenda kuzungumza na waandishi langoni. Bi Jiwe alivuta kiti, akakaa upande wa Dereva badala ya ng'ambo ya meza. Alichukua kile kifuko cha plastiki.

"Hii ni ya mdogo wake," alisema. "Ulikwenda na mmoja, ukarudi na wawili."

Dereva alikiangalia kifuko. Kisha akaeleza yote, na hadithi haikuhitaji chumvi. Alimpeleka binti nyumbani kwa Mlezi kwa sababu alimwomba, akasubiri nje kwa sababu hakuwa na moyo wa kuondoka, na kabla jua halijazama binti akatoka amemshika mkono mtoto mdogo. Aliwapeleka kwa dada yake, ambaye alikuwa na chumba kitupu nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mtoto alilala njiani, ndala ikamtoka.

Bi Jiwe alimuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu asubuhi.

"Mliniuliza nilimteka nikampeleka wapi. Sikumteka, afande. Na mwenyewe aliniomba nisiseme." Alijikuna shingo. "Wote mmemlilia yule mtoto. Mimi nilimpa lifti tu."

Mashine ya kusaga ilisikika tangu barabarani. Vumbi jeupe lilikuwa limefunika kuta, majani, na kamba ya nguo, na mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Binti alikuwa amekaa kizingitini akishona kwa mkono. Ndani, kwenye mkeka, mtoto wa miaka kama sita alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa, amevaa fulana ya mtu mzima.

"Shikamoo," binti alisema. Hakushtuka.

Bi Jiwe aliitikia, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa muda walimsikiliza mtoto akihesabu vifuniko vyake na kukosea. Kisha Bi Jiwe akasema anajua kuhusu ile sentensi, na binti akaacha kushona, mara moja tu, halafu akaendelea.

Alieleza yaliyotokea kwa maneno machache. Alipofika, Mlezi alikuwa sebuleni na wakili wake, wanakunywa chai. Hawakumfukuza. Wakili alimuuliza anataka nini, naye akasema anamtaka mdogo wake. Basi wakampa sharti. Aseme mbele ya wakili kwamba yule wa kwenye filamu si yeye, na kwamba hatakwenda mahakamani kusema chochote. Uso hauonekani, sauti si yake, nani atabisha? Akasema. Mlezi akaita jina kuelekea chumba cha nyuma, na mdogo wake akatoka.

"Jumatatu nahitaji uje," Bi Jiwe alisema. "Mtoto yuko nje sasa, hawezi kumchukua tena. Nitaweka askari hapa. Maneno uliyosema kule ulilazimishwa, sheria haiyahesabu."

"Najua hawezi kumchukua."

"Basi njoo."

"Niliahidi."

"Ulimwahidi mtu gani? Unamjua yule mwanamke kuliko sisi sote."

Binti alikata uzi kwa meno. Alikuwa na utulivu ambao haukumfaa mtu wa umri wake, na Bi Jiwe alihisi hasira, hasira ya wazi, si kwa binti.

"Yule alisema nikisema vile atanipa mdogo wangu," alisema binti. "Nikasema, akanipa. Siku ile ile. Nyinyi mliniahidi kabla yake."

Mashine ilinguruma, ikapungua, ikanyamaza. Mtu alikuwa anabadilisha gunia.

"Wewe ulilia?" binti aliuliza.

"Hapana."

"Afadhali."

Bi Jiwe alifungua mkoba. Hakuona faida ya kumpiga chenga, kwa hiyo alimwonyesha flashi na kumwambia kilichomo: picha zake zisizofichwa, uso wake, sauti yake, na yale maneno. Angeweza kumpa hakimu na binti asije. Wakili angepinga, angesema picha haiulizwi maswali, na huenda angeshinda. Lakini angeweza.

Binti alikitazama kile kidude kidogo. "Kile nilichosema kimo?"

"Kimo. Nimekisikia."

Alirudi kwenye gauni. Sasa alikuwa anafumua bandi, akivuta nyuzi nyeupe moja baada ya nyingine na kuziweka kwenye goti lake.

"Mimi nimeahidi sitasema," alisema. "Hiyo ilishasema zamani. Ukiipeleka, usikate."

Bi Jiwe alifungua kinywa amwahidi. Neno lilifika mdomoni, akalikumbuka lilivyosikika kwenye chumba kile chenye giza, kwa sauti ya upole sana, akalimeza. Alichukua kifuko cha plastiki, akavunja lakiri ya kituo, akatoa kielelezo pekee cha kesi ya utekaji. Akainama ndani ya mlango na kuiweka ndala mbele ya mtoto. Mtoto aliitambua, akaivaa, akaenda kuitafuta ya pili chini ya mkeka.